Mama Alipoanza Kwenda Sokoni

Mama yangu alipika maisha yake yote bila kulijua soko. Alizaliwa Gongoni, akaolewa Gongoni, na kutoka barazani kwetu hadi soko kuu huchoki hata ukiwa na mzigo. Hata hivyo hakuwahi kuingia. Kwetu, kama ilivyo kwa familia nyingi za Kiislamu za zamani pale mjini Tabora, soko lilikuwa kazi ya mwanamume. Baba alitoka msikitini baada ya swala ya alfajiri, akapitia sokoni, na jua likichomoza alikuwa ameshaweka kikapu kwenye kizingiti cha jikoni. Kisha akakohoa. Kikohozi hicho ndicho kilikuwa hodi yake.

Mama akaanza kupekua.

"Bamia zimekomaa hizi. Ulivunja ncha kabla ya kununua?"

"Nilivunja."

"Basi ulivunja nzuri ukanunua nyingine."

Baba akacheka, akaenda kunywa chai. Alitoka katika watu wa biashara. Wazee wake walifuata njia ya misafara kutoka pwani wakaishia Tabora, naye aliamini kabisa kwamba kununua ni elimu inayorithiwa, na kwamba hairithiwi na wanawake. Mama hakumbishia. Alikosoa bamia, akapika, tukala.

Asubuhi moja, siku chache baada ya Idi, kikapu hakikufika. Kilichofika ni bajaji, na ndani yake Baba ameshikwa na wanaume wawili wa msikitini, mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Kiharusi. Alilazwa hospitali kwa majuma kadhaa, kisha tukaambiwa tumrudishe nyumbani, tumfanyishe mazoezi na tumlishe vizuri, vyakula laini.

Nyumbani tulibaki watatu. Kaka yangu yuko Mwanza, na alisaidia kwa dawa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na wakati huo nilikuwa nimerudi kwa wazazi baada ya ndoa yangu kuvunjika. Asubuhi nilikuwa darasani. Kwa hiyo tulimwomba dereva wa bodaboda wa jirani atununulie mahitaji. Alikuwa na moyo mzuri, lakini nyanya alizileta zimepondeka kwa mashimo ya barabara, na alipoagizwa giligilani alileta mchicha. Tukaamua niwe napita mimi nikitoka shuleni. Saa hizo soko limeshachaguliwa, kimebaki kilichokataliwa na wenzako. Nilileta samaki ambaye Mama alimwangalia jicho, akamfunga tena kwenye gazeti, akampa paka wa jirani.

Hakunilaumu. Ijumaa ile jioni, tukiwa tumekaa chumbani kwa Baba, alisema tu, kama mtu anayesema mvua itanyesha:

"Kesho naenda mwenyewe."

Baba aligeuza kichwa. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini maneno yalieleweka ukimpa nafasi.

"Wapi?"

"Sokoni."

"Huendi, mama watoto."

"Nitakwenda."

"Watu watasema nimekufa."

"Na ukifa kweli watasemaje? Kwamba nilikuua kwa njaa?"

Hakupandisha sauti. Alimvutia shuka hadi kifuani, akazima taa ya dirishani, akatoka. Nilibaki na Baba gizani kidogo. "Mkataze," aliniambia. Nilimjibu kwamba mimi ni mtoto, siwezi kumkataza mzazi mmoja kwa amri ya mwingine. Hakuridhika na jibu hilo, wala mimi sikuridhika nalo, lakini ndilo nililokuwa nalo.

Jumamosi tulitoka mapema. Mama alivaa buibui lake jeusi la kwendea misibani. Kwenye lango la soko alisimama. Wachukuzi wa magunia walimpita kushoto na kulia wakipiga kelele, "Njia! Njia!" Nilidhani atarudi. Alikuwa anaangalia tu, kama mtu aliyesimuliwa nyumba fulani kwa miaka na leo ameonyeshwa.

"Mboga ziko upande gani?"

Nikamwonyesha.

Upande wa mboga alifanya vizuri. Wauzaji wengi ni wanawake kutoka vijiji vya karibu, waliotandika magunia chini. Mmoja alimsalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayo," na Mama, ambaye amezungumza Kinyamwezi na majirani tangu utotoni, akamwitikia. Akachuchumaa. Akavunja ncha za bamia moja baada ya nyingine, polepole, na mama yule akamwacha avunje. Alipoinuka magoti yalilia, lakini uso wake ulikuwa na nuru.

Kwenye bucha mambo yalikuwa mengine. Mbele ya meza wamejaa wanaume, kila mmoja anajuana na mwenye bucha, wanatupiana maneno juu ya vichwa vyetu. Tulisogezwa pembeni mpaka tukafika kwenye ndoano za utumbo. Zamu yetu ilipita, ikapita tena. Hatimaye mwenye bucha, mwanamume mnene mwenye koti jeupe lililochoka, alitutazama.

"Mama, nikukatie nini?"

"Sarara," alisema Mama. Ndilo jina la nyumbani kwetu la ile nyama laini ya mgongoni.

"Sarara ndiyo nini tena?"

Wanaume wakacheka. Mama akaeleza, akigusa mgongo wake mwenyewe juu ya buibui. Mwenye bucha akaitikia, "Aaa, steki, sema steki," akageuka, akakata, akafunga upesi upesi. Mama hakuiona vizuri nyama ile. Aliona haya kuomba ifunguliwe mbele ya wale watu, na mimi niliona haya pia.

Nyumbani aliipika tangu saa nne hadi adhuhuri ikaadhiniwa. Ilikuwa nyama ya ng'ombe aliyezeeka akivuta plau. Baba aliitia mdomoni, akajaribu upande mmoja, akajaribu kuihamishia upande wa pili ambao haukumtii. Mate yakamtoka. Mama akanyoosha kitambaa kumfuta, naye akausukuma mkono wake, kisha akaisukuma sahani. Hakusema, "Nilikwambia." Afadhali angesema.

Mama alirudi jikoni. Nilimkuta amesimama mbele ya sufuria, mikono kiunoni. Nilidhani analia. Alikuwa anafikiri.

"Kesho bucha linafunguliwa?"

"Linafunguliwa, Mama. Lakini tunaweza kununua kwingine. Kule Kanyenye kuna..."

"Sitaki kwingine. Nataka pale pale."

Siku ya pili tulifika wakati mwenye bucha anatundika nusu ya ng'ombe. Wanaume walikuwa bado wachache. Mama hakusimama pembeni. Alikwenda katikati ya meza, akaweka bakuli la enameli, akafunua kifuniko. Ilikuwa nyama ya jana, imepikwa, ina mchuzi wake na giligilani yake.

"Asalaam aleykum."

"Waaleykum salaam, mama." Mwenye bucha alitazama bakuli. "Nyama iliyopikwa hairudishwi, mama yangu. Hiyo si biashara."

"Sikuja kurudisha. Nimekuja utafune."

"Nitafune?"

"Tafuna. Kwa upande mmoja tu wa mdomo. Mgonjwa wangu ana upande mmoja."

Mtu mmoja nyuma yetu alicheka, kisha akanyamaza alipoona hakuna mwenzake. Mwenye bucha alifuta mikono kwenye koti. Nafikiri alitaka kufanya mzaha, lakini Mama alikuwa anamwangalia machoni bila hasira yoyote, akisubiri tu, na mtu anayesubiri hivyo ni vigumu kumfanyia mzaha. Akachukua kipande. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Kila mtu pale mezani alimsubiri ameze, na hakuweza.

Akakitema kwenye kiganja, akasema, "Mgonjwa ni nani?"

Mama akamweleza ni mke wa nani. Uso wa mwenye bucha ulibadilika.

"Mzee? Yule mzee wa kila asubuhi? Sisi tuliambiwa amesafiri!"

"Hajasafiri. Yupo kitandani, na ana njaa."

Alikata nyama nyingine, akaifungua mbele ya Mama, akaigeuza huku na huku ili aione, na Mama akaibonyeza kwa kidole bila haya. Alitaka kutupatia bure. Mama alikataa, akalipa. "Nikichukua bure leo," aliniambia njiani, "kesho nitakuwa siwezi kuikataa mbaya."

Siku ile Baba alikula. Lakini habari nayo ilimfikia siku hiyo hiyo. Rafiki zake wa msikitini walikuja kumjulia hali alasiri, na mmoja wao, kwa nia njema kabisa, akasimulia kisa cha bakuli huku akipiga paja. Baba alitabasamu kwa nusu ya uso. Walipoondoka aliugeukia ukuta, na tangu saa ile hakumsemesha Mama.

Alinyamaza kwa siku nyingi. Akitaka maji aliniita mimi. Nikiwa shuleni alikaa na kiu. Nilimsihi Mama apumzike kwenda sokoni angalau juma moja, moyo wa Baba upoe. Alikuwa anavaa viatu.

"Moyo wake utapoa akiwa ameshiba," alisema. "Mimi pia inaniuma, mwanangu. Usidhani haiumi. Lakini yeye ana kazi yake ya kununa na mimi nina kazi yangu."

Akaenda. Na aliporudi alifanya jambo ambalo hakunishauri. Hakupeleka kikapu jikoni. Alikipeleka chumbani, akaketi kwenye mkeka kando ya kitanda, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja na kukipanga, akijisemesha kwa sauti ya kawaida. "Mbilingani hizi zina wepesi, nadhani zimekaa. Samaki huyu, mgebuka, wameniambia ameshuka na treni ya Kigoma, sijui." Baba alitazama ukuta. Kesho yake vivyo hivyo. Kesho kutwa vivyo hivyo. Nilikuwa likizo fupi wakati ule, na nilikaa mlangoni nikishona, nikasikia yote. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu anayezungumza na simu ambayo upande wa pili imekatika, lakini hakati.

Kisha asubuhi moja Mama alisema, "Na dagaa hawa nimeapiwa ni wa jana."

Kutoka ukutani ikatoka sauti, nzito na ya kukwaruza: "Nani kaapa?"

Mama hakugeuka. "Yule mwenye kofia ya sufu."

"Mwongo huyo. Treni jana haikuja."

"Nitajuaje kama imekuja?"

Kitanda kikalia. Baba alikuwa anajaribu kugeuka peke yake, kwa mkono wa kushoto, akivuta ubavu uliokufa. Niliweka chini nguo niliyokuwa nashona ili nikamsaidie, na Mama akaninyooshea kiganja: kaa. Ilimchukua muda. Alipofika upande wetu alikuwa anahema na jasho limemtoka.

"Nipe hapa," alisema. Akamtwaa dagaa mmoja, akamvunja, akamnusa. "Tumbo limepasuka. Huyu ana siku. Mrudishie."

Mama aliinuka saa ile ile, akawarudisha.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo shule yao. Baba alimfundisha kwamba muuza nazi anayegonga nazi zake mwenyewe ndiye wa kuogopwa, kwamba asali ya porini usiionje kwa kidole bali uiangalie inavyodondoka kutoka kwenye kijiti, kwamba mtu akikwambia "bei ya mwisho" kabla hujauliza, mpite. Mama alisikiliza yote. Mengine aliyafuata, mengine aliyaacha, na alipoyaacha alimwambia. Waligombana juu ya bamia kama zamani, ila sasa aliyevunja ncha alikuwa Mama na aliyelalamika alikuwa Baba.

Mazoezi nayo. Hospitali walimpa mpira wa kuminya kwa mkono mgonjwa, na Baba aliutupa chini ya kitanda. "Mimi si mtoto wa kuchezea mpira." Mama hakubishana naye. Alimwekea ungo wa maharage mapajani, akasema mawe ni mengi na macho yake hayaoni vizuri. Jambo hilo halikuwa kweli. Baba alianza kuchambua kwa mkono wa kushoto. Mama akauondoa mkono huo taratibu na kuweka wa kulia. Punje ya kwanza ilimshinda. Alijaribu tena na tena, akalaani, akamwaga ungo mzima sakafuni. Mama akaokota maharage yote, akaurudisha ungo. Siku ile hakuna jiwe lililotoka, na tulikula maharage yenye mawe, na kila jiwe lilipogonga jino hakuna aliyelitaja. Ilipita miezi kabla vidole vile havijashika kitu kidogo kama punje.

Mwezi wa sita ukakaribia, na mchele wa ndani ukawa unaelekea kwisha. Kila mwaka baada ya mavuno Baba alikwenda Igunga mwenyewe, akachagua mchele wa kutulisha hadi mavuno mengine. Alisema ule wa dukani umeshachanganywa mara nyingi hata haujui kwao. Nilidhani mwaka ule tutanunua Kanyenye kama watu wengine. Mama ndiye aliyesema hapana, na Baba, kwa mara ya kwanza, hakumkataza.

"Unuse mkononi," alimwambia. "Usugue kwanza, upashe moto, ndipo unuse. Utafune punje. Na usikubali kuonyeshwa mdomo wa gunia."

"Nitataka nini, basi?"

"Tumbo lake."

Shule ilikuwa imefungwa, nikaenda naye. Jirani alikaa na Baba. Tulipanda basi la asubuhi, tukapita Nzega, tukaingia barabara kubwa ya Mwanza, malori yakitupita na kulitikisa basi. Mama alikaa dirishani, pochi mapajani. Hakusinzia hata kidogo. Igunga tulimkuta mwenye mashine ya kukoboa ambaye Baba hununua kwake, akatupokea vizuri, akatuuliza hali ya mzee, akamwita Mama shemeji. Kisha akatuonyesha gunia, akalifungua mdomo. Mchele mweupe, mrefu, mzuri.

Mama akachota, akasugua, akanusa, akatafuna. "Huu mzuri," alisema. "Sasa toboa hapa katikati."

"Shemeji, gunia likitobolewa linaharibika."

"Nitalishona. Nimekuja na sindano."

Kweli alikuwa nayo, na uzi, kwenye pochi. Mwenye mashine alitazama sindano, akatazama lile gunia, akakuna shingo. Hakulitoboa. Alisema labda vijana wake walichanganya kidogo na wa mwaka jana, hajui, kazi ni nyingi.

"Hapana neno," alisema Mama. "Mpunga mpya ninauona pale nje. Ukoboe huo, nikiwa nautazama."

"Kuna foleni, shemeji. Mtakosa basi."

"Tutakosa."

Akageuza ndoo tupu, akaikalia. Kelele za mashine zilikuwa kubwa mno kusemezana, kwa hiyo tulikaa tu, pumba zikitupaka nyusi na kope. Nilisikia njaa. Niliona basi la kurudi likipita barabarani, nikamgusa Mama bega, naye akaitikia kwa kichwa kwamba ameliona. Watu waliokuja na mpunga wao waliondoka mmoja baada ya mwingine. Zamu yetu ilipofika alisimama kwenye mdomo wa mashine, mkono chini ya mchele unaotoka ukiwa na joto, na hakuondoka hapo mpaka gunia likajaa na kushonwa.

Mwenye mashine mwenyewe ndiye aliyetutafutia lori lililokuwa linakwenda Tabora. Dereva alitupa nafasi mbele, gunia likapanda nyuma juu ya marobota ya pamba. Karibu na Nzega Mama alianza kucheka peke yake. Nilimuuliza anacheka nini.

"Nimekaa kwenye ndoo siku nzima," alisema, "na hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza nafanya nini pale."

Tulifika magharibi. Baba alikuwa ameketi barazani, kwenye kiti, amevaa kanzu na kofia. Jirani alisema alikataa kuingia ndani tangu alasiri. Dereva na msaidizi wake walishusha gunia miguuni pake. Aliweka mkono juu yake, ule wa kulia, akautelezesha polepole mpaka katikati.

"Umeliona tumbo?"

"Nimeliona likijazwa," alisema Mama, akaketi kwenye ngazi kuvua viatu. Miguu yake ilikuwa imevimba, alama za kamba zimezama kwenye nyama. Baba aliitazama miguu ile muda mrefu. Akaniambia nikalete maji ya moto na chumvi kwenye beseni. Nilipoleta aliniambia niliweke karibu na kiti chake, na Mama asogee. Hakuweza kuinama sana. Alichota maji kwa kikombe, kwa mkono wa kushoto, akammwagia miguuni kidogo kidogo, mengi yakaanguka sakafuni. Wapita njia walituona. Mmoja alitoa salamu, naye Baba akaitikia bila kuacha kumwaga.

Tulipika mchele ule usiku huo huo, kibaba kimoja, bila mboga, kwa samli tu. Mimi nilikula kwa pupa. Baba alitafuna polepole kwa pande zote mbili, akasema una jiwe moja. Mama akasema hakuna jiwe. Wakabishana.

Kulipokucha nilimkuta Mama uani anavaa viatu, amevilegeza kamba ili miguu iingie. Nilimwambia leo apumzike, nitakwenda mimi.

"Utaleta vitunguu vilivyoota," alisema, na akatoka.